Barua ya kuomba field haijibiwi: kasoro iko wapi na inarekebishwaje

Nilikaa miaka kadhaa masijala ya halmashauri moja, upande wa ndani wa lile dirisha dogo ambalo wanafunzi hupitishia bahasha zao za kuomba field, yaani mafunzo kwa vitendo. Kila Mei na Juni foleni ilikuwa ndefu, na maswali hayakubadilika: "Nimeleta barua wiki tatu zilizopita, mbona kimya?" "Mbona mwenzangu kaitwa?" "Nimeambiwa zimejaa, lakini leo kuna mtu kapokelewa." Mara nyingi jibu lilikuwa ndani ya barua yenyewe, na mwenye barua hakuwa na namna ya kulijua.

Kwanza ujue barua inapitia wapi. Ikishapokelewa inagongwa muhuri wenye tarehe, inaandikwa kwenye rejista, inapachikwa kwenye faili, faili linapelekwa kwa bosi. Bosi anaandika dokezo, kwa mfano "Afisa Utumishi, tafadhali shughulikia." Afisa Utumishi naye anamwandikia mkuu wa idara kuuliza kama ana nafasi. Mkuu wa idara akikubali, faili linarudi ilikotoka, ndipo barua ya kukujibu inachapwa. Ofisi zinazotumia mfumo wa kielektroniki safari yao ni hiyohiyo, ila karatasi imeskaniwa.

Kwa hiyo anayetajwa juu ya barua si lazima awe ndiye atakayeamua, na hakuna yeyote njiani atakayeisoma kama insha. Kila mmoja anatafuta mambo manne: huyu ni nani na anasoma nini, anataka idara gani, kuanzia tarehe gani hadi gani, na chuo chake kinamtambua? Akiyaona kwenye nusu ya juu ya ukurasa, anaandika dokezo papo hapo na faili linasogea. Likikosekana moja, faili linawekwa pembeni "tumuulize kwanza," na hapo ndipo barua nyingi nilizozijua zililala mpaka likizo ikaisha.

Dalili ya kwanza: umepeleka barua, wiki tatu zimepita, kimya

Anza na sababu nyepesi kuliko zote, ambayo pia ndiyo inayotokea zaidi: barua haijafika. Uliiacha kwa mlinzi getini, au kwa dada wa mapokezi aliyekuwa anaongea na simu, au kwa mjomba anayefanya kazi hapo aliyekuahidi "nitaipitisha." Kipimo ni kimoja tu. Je, unayo nakala yenye muhuri wa kupokelewa? Kama huna, hesabu kwamba hukupeleka. Siku nyingine chapisha nakala mbili, moja ibaki masijala na ya pili igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Ni haki yako, wala hakuna karani atakayeshangaa ukiomba.

Kama ulituma kwa baruapepe, fungua kasha la zilizotumwa uone kama kweli iliondoka, kisha utazame kama kuna ujumbe uliorudi kukuambia anwani haipo. Angalia na ukubwa wa viambatisho. Gmail haibebi kiambatisho cha zaidi ya MB 25, na picha sita za vyeti zilizopigwa kwa simu hukaribia huko upesi. Ziunganishe ziwe faili moja la PDF, ulipe jina linaloeleweka, kama "Barua ya field – Ugavi – jina lako." Nimewahi kupokea asubuhi moja mafaili manne yote yakiitwa "scan0001." Mstari wa mada nao usiachwe wazi, watu wengi hawafungui ujumbe usio na mada kutoka kwa mtu wasiyemjua, na wana sababu.

Sababu ya pili ni mwandikiwa. Barua ya ofisi huandikwa kwa cheo, tena cha mtu mwenye mamlaka ya kupokea barua za nje. Kwenye halmashauri huyo ni Mkurugenzi, mkoani ni Katibu Tawala wa Mkoa, wizarani ni Katibu Mkuu. Kampuni binafsi andika kwa Mkurugenzi Mtendaji au Meneja Rasilimali Watu. Ukimwandikia "Mkuu wa Stoo" kwa kuwa ndiye unayemfahamu, umempa kazi ya kukutafutia njia ya kupanda juu, na si kila mtu ana muda huo. Angalia pia jina la taasisi. Halmashauri ya Jiji la Arusha na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha ni ofisi mbili tofauti zenye wakurugenzi wawili. Mbeya na Morogoro kuna mchanganyiko kama huo, jiji au manispaa upande mmoja na wilaya upande mwingine. Barua iliyokosea hapo haitupwi, lakini nayo hakuna anayeipeleka kwa jirani.

Ya tatu ni tarehe. "Naomba nafasi kwa muda wa miezi miwili" haimwambii mtu chochote, maana hajui miwili ipi. Au tarehe umeandika, lakini umeleta barua wiki moja kabla ya kuanza. Juni ni mwezi mbaya kuliko yote serikalini, kwa sababu mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 na watu wako kwenye kufunga hesabu. Anayetaka field ya Julai hadi Septemba apeleke barua Machi au Aprili.

Ya nne inachekesha mpaka ikupate wewe: namba ya simu. Tarakimu imekosewa, laini imezimwa, au namba ni ya rafiki mliyekuwa mnakaa naye hosteli. Weka namba mbili, na ya pili iwe ya mtu atakayepokea kwa adabu. Kuna kijana alipigiwa kuambiwa aje kuripoti, simu ikapokelewa na mtu aliyedhani anadaiwa. Hakuripoti.

Kukataliwa makusudi ni sababu ya mwisho kabisa. Inatokea, lakini mara chache kuliko unavyodhani ukiwa umelala unatazama dari.

Namna ya kufuatilia: subiri siku kumi za kazi, halafu nenda na ile nakala yenye muhuri. Usiulize "nimekubaliwa?" maana karani hana jibu hilo. Uliza hivi: "Shikamoo mama, hii barua niliileta tarehe fulani. Naomba kujua imefikia kwa nani." Atafungua rejista na kukutajia ofisi lilipo faili. Faili lenyewe hawezi kukuonyesha, usimng'ang'anie. Ukiambiwa liko kwa Afisa Utumishi, nenda kwa Afisa Utumishi.

Acha ukishafuatilia mara mbili bila hatua yoyote mpya. Barua ya pili na ya tatu kwa ofisi ileile hukufanya uonekane msumbufu, na zikiingia kwenye faili moja zinachanganya mambo. Peleka nguvu kwingine. Ikiwa zimebaki wiki mbili au pungufu kabla ya field kuanza, usiendelee kuhangaika peke yako. Nenda kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo chuoni kwako. Mara nyingi ana ofisi ambazo hupokea wanafunzi wake kila mwaka, na simu yake moja inafika mahali ambapo barua zako tano hazijafika.

Dalili ya pili: barua inarudishwa, "kalete barua ya chuo"

Hapa tatizo ni karatasi, na linatibika upesi. Mara nyingi kinachokosekana ni barua ya utambulisho yenyewe, kwa kuwa mwanafunzi alidhani kitambulisho cha chuo kinatosha. Hakitoshi. Kinaonyesha kwamba unasoma. Hakionyeshi kwamba chuo kimekutuma na kitakuja kukukagua.

Wakati mwingine barua ipo lakini haina muhuri, au saini ni ya mtu asiyetaja cheo, au ni ya mwaka wa masomo uliopita. Au maombi yako yanasema Julai hadi Agosti huku ya chuo ikisema Agosti hadi Septemba. Ziweke barua mbili ubavu kwa ubavu kabla hujatoka nyumbani, usome tarehe na majina kwa kidole.

Halafu kuna suala la neno lenyewe. Mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni anaomba *mafunzo kwa vitendo*, ndiyo field tunayoisema mitaani. *Utarajali* ni wa aliyekwisha kuhitimu, na *uanagenzi* ni wa anayejifunza ufundi kazini. Ukiwa mwaka wa pili ukaandika "naomba nafasi ya utarajali," Afisa Utumishi atakuweka kwenye kundi la wahitimu na kukuuliza cheti ambacho bado hujapata. Kinyume chake kipo pia: umehitimu tangu mwaka juzi, bado unaandika kuomba field, na chuo hakiwezi tena kukupa barua. Wewe omba utarajali kwa jina lake, na uangalie nafasi za Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, unaoratibu utarajali wa wahitimu. Anayevuka mpaka kuomba nafasi Kenya ajue kwamba kule wanaiita atachimenti, na waajiri wengi watadai bima ya ajali kabla hujaingia getini.

Majina kutofautiana ni sababu adimu lakini ngumu. Cheti cha kidato cha nne kina jina la babu, kitambulisho hakina, barua ya chuo imegeuza mpangilio. Ikiwa ni mpangilio au herufi moja, chuo kirekebishe barua yake. Ikiwa ni jina jingine kabisa, simama hapo. Usichukue kalamu, usihariri PDF. Nenda kwa wakili akuambie kama hati ya kiapo inatosha au unahitaji kusajili hati ya kubadili jina.

Onyo linalohusiana na hilo: yapo maduka ya steshenari yatakayokutengenezea barua ya utambulisho na muhuri wake ukisubiri. Huko ni kughushi, kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na ofisi ikipiga simu chuoni kuthibitisha, utakuwa umepoteza nafasi ya field na huenda na nafasi ya chuo.

Dalili ya tatu: "nafasi zimejaa"

Wakati mwingine ni kweli. Nafasi ni meza, kiti, na mtu mwenye muda wa kukusimamia na kusaini logibuku, lile daftari la chuo la kazi zako, kila wiki. Idara yenye watumishi watatu haiwezi kubeba wanafunzi tisa. Lakini kabla hujaondoka dirishani, uliza swali moja la ziada: zimejaa idara gani, na kwa kipindi gani? Uhasibu, utumishi na TEHAMA hujaa mapema kwa sababu kila mtu anaziomba. Idara ya pili inayofanana na kozi yako huenda iko tupu. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kujifunza mengi kwenye ukaguzi wa ndani au makusanyo ya mapato. Chuo kikikuruhusu kusogeza tarehe wiki mbili tatu, sema.

Sababu nyingine wanafunzi huisababisha wenyewe kwa maneno mawili: "idara yoyote." Mwandishi anadhani ameonyesha unyenyekevu. Mpokeaji anaona kazi ya kukutafutia mahali, na kumjibu "zimejaa" ni rahisi zaidi. Taja idara moja, na ya pili kama mbadala.

Wengine huiona barua ikikataliwa kwa sababu ya pesa ambazo hawakuziomba. Mpokeaji hajui kama unategemea posho, naye hana fungu. Kama unajigharamia, au ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo mwenye fungu la mafunzo kwa vitendo, andika sentensi moja: "Gharama za nauli na kujikimu nitajitegemea." Kama si kweli usiandike, kwa sababu wiki ya pili utaanza kukosa kuja kazini, na fomu ya tathmini inajazwa na huyohuyo uliyemwahidi.

Dalili ya nne: wamekupokea, lakini umewekwa pasipo pako

Unasoma ugavi, unatoa fotokopi. Unasoma maabara, unaandika majina ya wagonjwa mapokezi. Wiki nane zinakwisha, logibuku ina sentensi moja iliyorudiwa, na msimamizi wa chuo anakuja kukuuliza umejifunza nini.

Kwa haki, lawama si ya ofisi peke yake. Nilisoma mamia ya barua zinazosema "ili niweze kupata uzoefu na kuoanisha nadharia na vitendo." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haimwambii mkuu wa idara akufundishe nini, naye anakupa kazi iliyopo siku hiyo. Barua iliyotaja kazi kwa majina yake ilimpa mahali pa kukuweka. Hii hapa ni barua niliyoifanyia marekebisho kwa binti mmoja aliyesoma stashahada ya ugavi. Majina na anwani nimeviondoa:

> Mkurugenzi wa Manispaa,
> Halmashauri ya Manispaa ya …,
> S.L.P. …
>
> K.K. Mkuu wa Idara ya Ununuzi na Ugavi,
> Chuo cha …
>
> YAH: MAOMBI YA MAFUNZO KWA VITENDO, KITENGO CHA UNUNUZI, 14 JULAI HADI 5 SEPTEMBA
>
> Kichwa cha habari hapo juu chahusika.
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Stashahada ya Ununuzi na Ugavi. Naomba kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako kwa wiki 8 kwa tarehe zilizotajwa, katika Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi au, ikiwa hakuna nafasi, katika stoo kuu.
>
> Logibuku ya chuo inanitaka nijifunze kupokea na kukagua bidhaa, kujaza leja na hati za kutolea vifaa, kuhesabu mali, na kuona hatua za zabuni ndani ya mfumo wa NeST. Darasani nimefanya leja na kadi za stoo, hivyo naweza kusaidia kuhesabu mali tangu wiki ya kwanza.
>
> Gharama za kujikimu nitajitegemea. Msimamizi wa chuo atafika kunikagua mara moja. Nimeambatisha barua ya utambulisho na nakala ya matokeo.
>
> Wako mtiifu,
> (saini, jina kamili, namba mbili za simu)

Tazama alivyofanya. Kichwa cha habari peke yake kinatosha kuandikiwa dokezo, maana idara na tarehe vimo. Kazi amezichukua kwenye logibuku yake, hakuzitunga. Kwenye NeST ameomba *kuona*, kwa kuwa mfumo huo wa ununuzi hauingiwi na mtu wa field, na kuomba kuutumia kungeonyesha hajui anachoomba. Kisha ametoa kitu kidogo, kuhesabu mali. Mtunza stoo yeyote anayefunga mwaka atamtafuta mtu huyo.

Ule mstari wa "Kichwa cha habari hapo juu chahusika" watu huucheka. Mimi huuacha kwenye barua ya serikalini kwa sababu ni desturi na unakula mstari mmoja tu. Nisiouvumilia ni ule mkia unaoanza na "napenda kuchukua fursa hii adhimu." Kampuni binafsi usiuweke wowote kati ya hiyo miwili. Nyingi huandikiana kwa Kiingereza. Fuata lugha ya tovuti yao au ya tangazo lao la mwisho.

K.K., yaani kwa kupitia, maana yake mkuu wako wa idara asaini barua hiyo kabla haijatoka chuoni. Ukiiandika bila saini yake ni afadhali usingeiandika.

Ikiwa umekwisha kuanza na uko kwenye fotokopi, bado hujachelewa. Mwisho wa wiki ya kwanza mpelekee msimamizi wako logibuku, fungua ukurasa wa malengo, useme: "Bosi, naomba nipangiwe hata siku mbili kwa wiki kwenye hili." Mwonyeshe kwa kidole. Asipobadilisha kitu hadi wiki ya tatu, mwambie mratibu wa chuo kabla hajaja kukagua, ili aongee nao yeye. Usigombane na ofisi kwa jina la chuo.

Na kama kazi yenyewe ni ya hatari, umeme, mashine, kemikali, sindano, na huna msimamizi wala vifaa vya kujikinga, hapo hakuna kusubiri wiki ya tatu. Weka chini, toka, piga simu chuoni siku hiyohiyo.

Dalili ya tano: jibu limekuja, lakini lina sharti

"Tuma elfu thelathini ya kufungulia faili." "Ya fomu." "Ya kitambulisho cha muda." Fedha inayokwenda kwenye namba ya mtu binafsi si ya ofisi. Malipo ya serikali hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti yake. Chunguza kwanza jambo jepesi: huyu aliyekupigia ni mtumishi kweli, au ni mtu aliyeokota namba yako kwenye kundi la WhatsApp ulikobandika barua yako yote, na namba ya NIDA juu? Nenda ofisini kwa miguu, uliza Utumishi. Barua yenye taarifa zako binafsi isiwekwe hadharani.

Sharti likiwa ni kuonana jioni, chakula cha usiku, "tuongelee nafasi yako mahali patulivu," hilo nalo lina jina, rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Haijalishi wewe ni binti au kijana. Usibishane naye wala usimjibu kwa hasira. Hifadhi jumbe zote, usifute hata moja, na usizisambaze. Mwambie mshauri wa wanafunzi au mtu mzima unayemwamini, kisha piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, kabla hujaenda popote. Nafasi nyingine ya field mratibu atakutafutia, hata kama itabidi uanze wiki mbili baada ya wenzako.